Kompyuta ikiugua, usikimbilie kumlaumu karani

Natumaini chai iko mezani na watoto hawajaanza kugombania gazeti. Kama wameanza, wape kurasa za michezo nawe ubaki na hizi. Leo nina jambo ambalo ningependa tulizungumze kama jamaa moja, wazazi na wanafunzi, waajiri na waajiriwa.

Majuma mawili yaliyopita jirani yangu, mama mmoja mjane tunayeishi naye jengo moja hapa mtaani Umoja, alinibishia mlango saa mbili za usiku. Nyuma yake alisimama binti yake, ambaye ni karani katika kampuni moja ya kuuza vipuri vya magari. Msichana huyo namjua tangu akivaa sare ya shule ya msingi. Usiku huo macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Jirani," mama yake alianza hata kabla hajaketi, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu tueleze, hivi virusi vya kompyuta vinaweza kumfanya mtu akatwe mshahara?"

Niliwakaribisha, nikawamiminia chai, kisha binti akanieleza kisa chake. Jumatatu ya juma hilo alifika kazini, akawasha kompyuta, au tarakilishi kama walimu wetu wa Kiswahili wanavyotuhimiza tuiite, akaanza kusoma barua pepe. Miongoni mwazo ilikuwemo moja yenye jina la mteja wao wa siku nyingi. Ilisema kwamba ankara ya mwezi uliopita imebandikwa hapo chini, tafadhali ikaguliwe. Sasa, kazi ya binti huyu ni kufungua ankara. Hufungua ishirini au thelathini kwa siku. Akaifungua na hii. Haikuwa na kitu ndani. Akaendelea na kazi yake.

Kabla ya saa tano, kompyuta zote nne za afisi hiyo zilikuwa zinaonyesha tangazo moja: faili zenu zimetiwa kufuli, mkizitaka, lipeni kwa sarafu ya bitcoin katika muda wa siku tatu. Orodha ya bidhaa, madeni ya wateja, hesabu za kodi, kumbukumbu za miaka minne, zote ziligeuka maandishi yasiyosomeka.

Mkubwa wake hakuuliza mengi. "Wewe ndiye uliyemfungulia mwizi mlango," alimwambia mbele ya wenzake. "Utalipa." Akamwandikia barua kwamba atakatwa shilingi 10,000 kila mwezi hadi hasara iishe. Aitie sahihi kabla ya Ijumaa, la sivyo aende nyumbani.

Mimi si fundi wa kompyuta, msomaji wangu. Lakini miaka mingi ya kuandika imenifundisha kuuliza maswali, nami nilimwuliza binti huyu manne.

Je, kompyuta hizo zilikuwa na programu ya kukinga virusi? Zilikuwa nayo, akajibu, lakini muda wake uliisha mwaka jana. Fundi alimweleza mkubwa, mkubwa akasema biashara ni mbaya, wangoje kidogo.

Na programu kuu inayoendesha kompyuta zenyewe, ilinunuliwa wapi? Haikununuliwa. Ililetwa na fundi katika kijidude cha flashi, akaitia katika kompyuta zote nne kwa bei ya kirafiki.

Nakala za akiba ziliwekwa wapi? Ziliwekwa katika kompyuta ya mkubwa, iliyounganishwa na zile nyingine. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba kwenye kufuli lile lile. Mwizi aliingia, akaukuta.

Na wewe, nani alikufundisha kutambua barua ya uongo? Hapo msichana alinyamaza, kisha akasema, "Hakuna, mzee. Nilionyeshwa tu jinsi ya kuzifungua."

Sasa hebu niambie, mpenzi msomaji, mwenye kosa hapo ni nani?

Labda wewe ni mwajiri na tayari umekunja uso. Utasema, "Lakini si yeye aliyefungua?" Naam, ni yeye, wala sikatai. Lakini nikukumbushe jambo. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 jengo la ghorofa liliporomoka kule Huruma, hapa hapa Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Je, ulimsikia mtu yeyote akiuliza ni mpangaji yupi aliyefunga mlango kwa kishindo usiku ule? La hasha! Watu walimwuliza mwenye jengo alijengaje, wakaiuliza serikali ya kaunti mkaguzi alikuwa wapi. Sote tulijua kwamba nyumba inayobomoka kwa kishindo cha mlango ilikuwa na kasoro kabla ya mlango kuguswa.

Kwa kompyuta hatufikirii hivyo. Kompyuta ikiugua tunamtafuta aliyeigusa mwisho. Na mara nyingi aliyeigusa mwisho ni karani, mpokea wageni au mwanafunzi aliye katika mafunzo ya kazi, yaani yule asiyeweza kujitetea. Wahenga walisema mnyonge hana haki, nao hawakuwa wameiona kompyuta.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo. Wanafunzi wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa hawajazaliwa tarehe 4 Mei, 2000. Siku hiyo watu katika nchi nyingi za dunia walifungua barua pepe zao wakakuta ujumbe wenye kichwa kitamu: ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ndani yake palikuwa na faili iliyoonekana kuwa barua ya mapenzi. Nani asiyetaka kujua nani anampenda? Waliifungua makarani, wakaifungua mabwana wakubwa. Kirusi kikaharibu picha na faili nyingine, kisha kikajituma chenyewe kwa kila anwani iliyokuwa katika kitabu cha anwani cha mhasiriwa. Hata Bunge la Uingereza lililazimika kufunga mfumo wake wa barua pepe kwa muda.

Baada ya hapo watu wengi walicheka. Walisema watu ni wajinga, wakiona neno mapenzi akili huwaruka. Lakini tazama jambo hili kwa makini. Jina kamili la faili ile lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Zile herufi tatu za mwisho ndizo zilizokuwa zikisema kwamba hii si barua, ni programu. Na je, msomaji angeziona? Asingeziona! Windows ilikuwa imepangwa na watengenezaji wake ifiche herufi hizo za mwisho, ili majina ya faili yapendeze machoni. Mtu wa kawaida aliona jina linaloishia na TXT, yaani maandishi matupu. Na alipolibonyeza, alichokiita barua kikaanza kuvuruga nyumba nzima.

Kwa hiyo aliyedanganywa alidanganywa mara mbili. Mwizi alimdanganya, na chombo alichouziwa kikamsaidia mwizi. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Microsoft ilitoa marekebisho ya programu yake ya barua, Outlook, ili ikatae faili za namna ile. Kumbe iliwezekana! Na mwezi wa Januari 2002 mwenyekiti wa kampuni hiyo, Bill Gates, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba wakilazimika kuchagua kati ya kuongeza madoido mapya na kuimarisha usalama, wachague usalama. Ukimsikia mwenye kiwanda akisema hivyo, elewa kwamba hapo awali haikuwa hivyo.

Na mwandishi wa kirusi kile alipatwa na nini? Alikuwa kijana wa Manila nchini Ufilipino, Onel de Guzman, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta. Nia yake ilikuwa kuiba maneno ya siri ya watu ili apate mtandao bila kulipa. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa, kwa sababu wakati huo nchi yake haikuwa na sheria iliyolitaja kosa lile. Sheria ilipitishwa Juni 2000, lakini sheria hairudi nyuma kumshika mtu. Mwaka 2020 ilichapishwa habari kwamba alikuwa amekiri mbele ya mwandishi wa habari kwamba kirusi kile kilikuwa chake. Yaani mtu alikitengeneza, kikazunguka dunia, na mbele ya sheria hapakuwa na mkosaji hata mmoja. Aliyebaki kuchekwa ni yule aliyebonyeza.

Haya basi, labda utasema hayo ni ya kale na siku hizi mambo yamebadilika. Njoo nikupeleke mwaka 2017.

Ijumaa ya tarehe 12 Mei mwaka huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kutembea. Kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikizitia faili kufuli na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Kampuni ya magari ya Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Lakini waliolia zaidi walikuwa wagonjwa wa Uingereza. Kati ya mashirika 236 yanayosimamia hospitali za umma huko, yasiyopungua 80 yaliathiriwa. Ilikadiriwa kwamba miadi ya matibabu zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Katika maeneo matano wagonjwa wa dharura ilibidi wapelekwe hospitali za mbali zaidi. Hebu fikiria uko kitandani, umeshinda na njaa ukingoja upasuaji, kisha muuguzi anakuja kukwambia urudi nyumbani kwa sababu kompyuta hazisomi jina lako.

Basi pale napo, nani aliyebonyeza? Nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hakuhitajika mtu wa kubonyeza! WannaCry kilikuwa na tabia ya mnyoo. Kilitambaa chenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kikipitia ufa uliokuwa ndani ya Windows, hata kama mwenye kompyuta alikuwa amekwenda kunywa chai. Hapakuwa na karani wa kumsingizia. Ikabidi wakubwa watazamane wao kwa wao.

Na walipotazamana, kila mwamba ngoma ngozi ilivutiwa kwake.

Ufa ule ulikuwa umegunduliwa kwanza na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Shirika hilo lilitengeneza chombo cha kuupitia, likakaa nacho kimya ili likitumie kwa shughuli zake. Kisha chombo hicho kikaibwa, na tarehe 14 Aprili, 2017 wezi wakakianika hadharani kila mtu akichukue. Microsoft ikainuka ikalaumu serikali. Rais wa kampuni hiyo, Brad Smith, alisema kwamba jambo hilo ni kama jeshi kuibiwa makombora yake.

Ni kweli. Lakini Microsoft nayo ndiyo iliyouza nyumba yenye ufa. Ilitoa kiraka cha kuuziba tarehe 14 Machi, 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio, nayo inastahili sifa kwa hilo. Hata hivyo, wale waliokuwa bado na Windows XP ya zamani hawakukipata bure. Kampuni iliacha kuihudumia XP kwa umma Aprili 2014, na aliyetaka viraka baada ya hapo alilazimika kuulipia mkataba wa pekee. Mara baada ya shambulio kiraka cha XP nacho kikatolewa bure. Kwa nini dawa igawiwe bure baada ya mgonjwa kuzirai?

Na hospitali je? Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walitoa ripoti yao Oktoba 2017. Walisema shambulio lile halikuwa la ustadi mkubwa, na lingezuilika kwa hatua za kawaida za usalama. Hospitali zilikuwa zimeonywa mwezi Machi na tena mwezi Aprili zitie kiraka. Kabla ya shambulio, mashirika 88 ya hospitali yalikuwa yamekaguliwa usalama wa kompyuta zao, na hakuna hata moja lililopita mtihani. Hata moja! Wenyewe walijitetea kwamba mashine nyingine, kama zile za kupiga picha za ndani ya mwili, hutunzwa na kampuni zilizoziuza na hospitali haina ruhusa ya kuzigusa. Utetezi huo una ukweli ndani yake, lakini hauwezi kufunika yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao waliujenga kwa gharama kubwa.

Mwishowe, Desemba 2017, serikali za Marekani na Uingereza zilitangaza kwamba wahalifu wenyewe walikuwa watu wa Korea Kaskazini. Nchi hiyo ilikana.

Umeona mnyororo huo, msomaji? Pana mwizi, mtengenezaji, serikali iliyoficha ufa na wakubwa wa hospitali ambao hawakuuziba. Na mwisho kabisa yuko mgonjwa anayerudishwa nyumbani. Sasa ukichukua macho hayo ukarudi nayo katika ile afisi ya vipuri, utaona mnyororo ule ule umejipanga, ila mkubwa aliamua kuukata wote abakize pete moja ya mwisho, yule msichana.

Mimi nina kanuni moja, nayo naiona ya haki. Mwizi ni mwizi, na dhambi yake haipungui kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Lakini baada ya mwizi, lawama zigawanywe kwa kadiri ya uwezo wa kuzuia. Aliyekuwa na uwezo mkubwa wa kuzuia hasara abebe fungu kubwa. Aliyekuwa na uwezo mdogo abebe dogo.

Mtengenezaji wa programu anaweza kuziba ufa kwa mamilioni ya watu kwa siku moja. Hata hivyo, ukisoma ule mkataba mrefu ambao sisi sote hukubali bila kuusoma, utakuta mara nyingi ameandika kwamba anakupa programu kama ilivyo, na ikikuletea hasara shauri yako. Mwenye kuuza maziwa akisema hivyo, angefungwa na maafisa wa afya kesho yake. Nchi za Muungano wa Ulaya zimelichoka jambo hili. Sheria yao ya usalama wa bidhaa za kompyuta ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba, 2024, na majukumu yake makuu yakapangwa kuanza tarehe 11 Desemba, 2027. Inamtaka mtengenezaji asiuze bidhaa yenye nyufa anazozijua, na aendelee kutoa viraka baada ya kuuza. Sheria yao nyingine ya mwaka 2024 inaihesabu programu kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, ikikudhuru unaweza kudai fidia. Programu hizo ndizo hizo tunazotumia sisi Nairobi na Mombasa. Wabunge wetu wana la kujifunza hapo.

Baada ya mtengenezaji anakuja mwenye afisi. Yeye ndiye anayeamua kama programu ni ya halali au ya kuokota, kama fundi atasikilizwa au atangoje, kama nakala za akiba zitawekwa mbali au hapo hapo. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaliona hilo. Anayeweka habari za watu anatakiwa achukue hatua za kuzilinda, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Sheria haikusema, "Mtafute karani umkate mshahara." Ilimtazama mwenye kuziweka.

Mwizi naye ana sheria yake. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao, ilivyopitishwa mwaka 2018, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia tu katika kompyuta ya mtu bila idhini. Nawaambia hili hasa ninyi vijana wetu mlio vyuoni, mnaojaribu ujuzi wenu katika mitambo ya chuo kwa mzaha. Yule kijana wa Uingereza aliyesimamisha WannaCry, Marcus Hutchins, alikuwa na miaka 22. Aliona kwamba kirusi hicho huulizia anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa dola zisizofika 11, kirusi kikatulia. Dunia ikamshangilia. Miezi mitatu baadaye alikamatwa Marekani kwa virusi vingine alivyosaidia kutengeneza alipokuwa kijana mdogo zaidi. Alikiri makosa mwaka 2019, na hakimu, akikumbuka wema wake, hakumwongezea kifungo. Ujuzi wake ulikuwa ule ule mmoja, mara ukaharibu na mara ukaokoa. Wewe unautumia wako kwa lipi?

Wala sitaki mtumiaji ajikunje kando akidhani nimemwachilia huru. Fungu lake lipo, ingawa ni dogo. Ukiletewa barua usiyoitazamia inayotaka ufungue faili au ulipe pesa upesi, mpigie simu mwenyewe kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua. Usitumie neno moja la siri kwa kila kitu. Kompyuta au simu inapokwambia ina marekebisho mapya, usiiahirishe mwezi mzima. Picha za arusi na kazi za shule ziwekee nakala mahali ambapo hapajaunganishwa na kompyuta hiyo. Nanyi wanafunzi, ile programu ya bei ghali mnayoipata bure kwa rafiki, jiulizeni aliyeivunja kufuli alilipwa na nani.

Na jambo kubwa kuliko yote: ukikosea, sema mara moja. Kirusi kikigunduliwa mapema, huenda kompyuta moja ikachomolewa na nyingine zikapona. Lakini nani atasema mapema katika afisi ambayo anayesema hukatwa mshahara? Mwajiri anayemwadhibu aliyeungama anawafundisha wengine wote kuficha. Hapo ndipo hasara ya kweli huanza. Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Mtoto akijua kwamba akikwambia "Baba, nimebonyeza kitu kibaya" atachapwa, hatakwambia. Utayajua siku pesa zako zitakapotoweka.

Basi usiku ule nilimweleza binti wa jirani yangu mambo mawili kutoka Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa mali iliyoharibika ikiwa ni kwa kosa la makusudi. Kufungua ankara, hali umeajiriwa kufungua ankara, kuna makusudi gani hapo? Na kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya mtu kufutwa kwa utovu wa kazi, sharti aelezwe sababu katika lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua.

Hakuitia sahihi ile barua. Badala yake aliandika yake, ya ukurasa mmoja, kwa adabu. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyeifungua faili. Kisha akaorodhesha yale maswali manne na majibu yake, akaomba asikilizwe akiwa na fundi. Aliyemtia hofu zaidi ni huyo fundi, maana angeweza kukana ili kulinda kibarua chake. Lakini fundi alikuwa ameyaandika maonyo yake kwa barua pepe mwaka uliotangulia, na barua hiyo ilikuwa bado katika simu yake. Aliisoma mbele ya mkubwa.

Jirani yangu aliniletea habari Alhamisi. Mshahara wa binti yake umeingia kamili. Mkubwa amenunua kifaa cha kuwekea nakala, nacho hufungiwa kabatini kila jioni. Kumbukumbu za miaka minne hazikurudi. Wanaziandika upya kutoka katika stakabadhi za karatasi, na msichana hubaki kazini hadi saa moja za usiku akisaidia. Radhi hakuombwa.

"Na bado hufungua ankara?" nilimwuliza mama yake.

"Hufungua," alinijibu. "Ila siku hizi kwanza hupiga simu. Na anasema mkubwa hamkasirikii tena kwa gharama ya simu."

Mpenzi msomaji, kesho ni Jumatatu. Kama wewe ni mkubwa wa afisi, kabla hujawauliza makarani wako wamefungua nini, mwulize fundi wako amekuomba nini ukakataa. Na kama wewe ni karani, yaandike maonyo yako na uyaweke. Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo. Kwaheri kwa leo.